Mlima Hauna Kimo Kimoja: Maandalizi ya Kiafya kwa Familia ya Kolandoto Inayosafiri Nyanda za Juu za Ngorongoro

Mtu akisimama Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, yuko kwenye tambarare ya mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima hauonekani upande wowote, ila vilima vya mawe na mbuga za pamba na mtama. Hata hivyo, hapo ndipo inapoanzia barabara inayopita Lalago, Mwanhuzi na Matala, ikazunguka bonde la Ziwa Eyasi hadi Mang'ola na kuishia njia panda ya Oldeani, chini ya Nyanda za Juu za Ngorongoro. Familia yenye gari, hema na likizo ya shule inaweza kutoka kwenye joto la Usukumani asubuhi, na kesho yake usiku ikawa imelala kwenye baridi ya ukingo wa kreta, mita 2,300 hivi.

Safari ya namna hii ina manufaa mengi. Watoto hujifunza nchi yao na wazazi hupumzika. Hata hivyo, Kanda ya Ziwa ina mambo mawili ambayo vitabu vingi vya wapanda milima havikuyafikiria. Kwanza, vinasaba vya selimundu vimeenea sana miongoni mwa watu wake. Pili, familia nyingi zina mtu aliyefanya kazi kwenye vumbi la machimbo ya dhahabu. Somo hili linawalenga wahudumu wa afya watakaoulizwa, "Daktari, tunaweza kwenda?", pamoja na wagonjwa na wazazi watakaouliza swali hilo.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji aweze: (1) kueleza kwa nini oksijeni hupungua mtu anapopanda, (2) kutambua nani katika familia yuko hatarini zaidi na kwa sababu gani, (3) kupanga njia, kituo cha kulala na sanduku la dawa kwa kumfuata huyo, na (4) kujua dalili zinazolazimu kushuka bila kungoja mapambazuko.

Mfano wa kufundishia

Familia hii imebuniwa kwa ajili ya somo. Baba ana miaka 46. Alifanya kazi miaka 12 katika maduara ya dhahabu mkoani Geita, akichoronga mwamba na baadaye akisimamia karasha la kusaga mawe. Siku hizi ana duka, na husema "kifua kinabana kidogo" akibeba mzigo. Mama ana miaka 39, ni mzima. Kijana wao wa miaka 17 ni mchezaji hodari wa mpira na hajawahi kupimwa damu. Binti wa miaka 9, mwenye kilo 24, ana selimundu. Anahudhuria kliniki na kunywa haidroksiyurea na foliki asidi.

Mpango wao ni huu: usiku wa kwanza walale hemani karibu na Mang'ola, wa pili walale kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, wa tatu walale ukingoni mwa kreta ya Empakaai, karibu na mita 3,000. Kisha wote washuke kwa miguu hadi ziwa lililo ndani ya Empakaai na kupanda tena. Mama amefika kliniki kuomba "dawa za safari".

Kwa nini hewa ya juu haitoshelezi

Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile kila mahali, yaani asilimia 21. Kinachopungua mtu anapopanda ni kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayoisukuma oksijeni ipenye kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Ukichukua kanieneo ya pwani kuwa ni 100, Kolandoto ina takriban 88, ukingo wa Ngorongoro una takriban 76, na ukingo wa Empakaai una takriban 70. Katika kilele cha Lolmalasin, chenye zaidi ya mita 3,600, zinabaki karibu theluthi mbili tu.

Mwili wenye afya hukabili upungufu huo kwa kupumua haraka na kwa kuongeza mapigo ya moyo. Ukipewa siku kadhaa, huzoea. Ndiyo maana kanuni ya kawaida husema kwamba mtu akishapita mita 3,000, asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja. Ugonjwa wa kimo huanza kuonekana kwa baadhi ya watu kuanzia mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu, kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika.

Halijoto nayo hushuka kwa nyuzi 6 hivi katika kila mita 1,000. Familia iliyozoea usiku wa Shinyanga hukuta ukingoni baridi ambayo blanketi moja haliwezi kuizuia, tena yenye ukungu na umande.

Kanuni zote hizi ziliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye damu na mapafu yake havina kasoro. Kwa mwenye kasoro, mlima ni mrefu zaidi kuliko ramani inavyosema.

Binti mwenye selimundu

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Inakadiriwa ni takriban 11,000 kila mwaka. Katika mikoa ya kaskazini-magharibi, uchunguzi wa watoto umeonyesha kwamba karibu mmoja kati ya watano ni mbebaji wa vinasaba hivyo. Sababu yake ni ya kale. Mwaka 1954, Anthony Allison alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba mbebaji hupata kinga dhidi ya malaria kali, na hivyo vinasaba vikaendelea kurithishwa pale ambapo malaria ni nyingi. Ngao hiyo ya bondeni haimsaidii mtu mlimani.

Hemoglobini ya selimundu hujipanga nyuzinyuzi inapopoteza oksijeni. Seli nyekundu hukakamaa, hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mambo yanayochochea hali hiyo ni oksijeni kidogo, baridi, upungufu wa maji, kazi nzito na maambukizi. Msomaji ataona kwamba safari ya mlimani huyakusanya karibu yote kwa siku moja: gari lenye vumbi na jua, mtoto anayenyimwa maji ili wasisimame njiani mara kwa mara, baridi ya jioni, kisha mteremko na kupanda.

Kwa hiyo ushauri kwa mwenye selimundu uwe wazi. Hatari huongezeka anapopita mita 2,000. Asilale ukingoni, na asipande Empakaai kwa miguu. Lakini kumwambia mzazi "mwacheni nyumbani kwa bibi" ni jibu la haraka mno, na mtoto hulikumbuka kwa miaka mingi. Upo mpango wa kati. Familia inaweza kulala Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, au Mang'ola, ambako kimo ni karibu sawa na nyumbani. Ikiwa binti yu imara, hana homa wala maumivu, na daktari wake ameridhia, anaweza kupelekwa ukingoni kwa gari mchana, akiwa amevaa nguo za joto. Aitazame kreta, akae, anywe maji, kisha ashushwe siku hiyohiyo. Aliyewahi kupata kiharusi au tatizo kali la kifua, au aliyelazwa kwa maumivu wiki chache zilizopita, hafai kwa mpango huo.

Maji yapangwe kwa hesabu. Mtoto wa kilo 24 huhitaji takriban lita 1.6 kwa siku akiwa ametulia, na zaidi ya hapo jua likiwa kali au akitembea. Apewe chupa yake mwenyewe na gari lisimame kila anapoomba. Dawa zake za kila siku zisikatwe kwa sababu ya safari, na zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisifungwe juu ya gari.

Kijana ambaye hajapimwa

Huyu ndiye ambaye wengi humsahau. Akiwa mbebaji, katika maisha ya kawaida haumwi chochote, na wabebaji wengi hupanda milima na kurudi salama. Hata hivyo, wachache hupata matatizo wakiwa juu, hasa kuanzia mita 3,000. Bandama huweza kukosa damu na kuleta maumivu makali ubavuni kushoto, chini ya mbavu. Wengine misuli huharibika baada ya kazi nzito bila maji, na mkojo ukawa wa rangi ya chai.

Wahudumu wakumbuke kwamba kipimo cha zamani cha kuangalia kama seli zinapinda hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Pale vinapopatikana, vitumike vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyoonyesha tofauti hiyo, au damu ipelekwe kuchanganuliwa aina za hemoglobini. Katika familia ambayo mtoto mmoja ana selimundu, ndugu wote wapimwe hata kama hawasafiri. Siku moja watahitaji kujua kabla ya kuoa au kuolewa.

Kijana wetu akikutwa ni mbebaji, hazuiwi kwenda Empakaai. Anaelezwa anywe maji kabla ya kiu, asishindane mbio na wenzake wakati wa kupanda kutoka ziwani, na aseme mara moja akihisi maumivu ya ubavu wa kushoto. Katika kreta hiyo mteremko ndio huja kwanza, na kazi ngumu hubaki mwishoni, mtu akiwa amechoka na chupa ikiwa tupu.

Baba wa machimboni

Vumbi laini la mwamba wenye silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu yasiyopona. Ugonjwa huo, silikosisi, huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi, na humweka katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Mtu mwenye makovu hayo huweza kutembea sokoni bila shida, kwa kuwa Kolandoto oksijeni inatosha kuficha upungufu wake. Mlima huondoa pazia hilo.

Maswali manne yanatosha kuanzia. Ulifanya kazi gani mgodini, na kwa miaka mingapi? Je, unakohoa kwa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku, au umepungua uzito? Je, unaweza kutembea kwenye tambarare huku ukizungumza bila kukatisha sentensi? Je, ulichoma zebaki? Kisha apimwe kwa kipimaoksijeni cha kidoleni, akiwa amekaa na baada ya kutembea dakika sita. Akiwa chini ya asilimia 92 amekaa, asipande kabla ya kuonwa na daktari bingwa. Mwenye dalili za kifua kikuu achunguzwe makohozi na apigwe picha ya kifua kwanza. Hema lililofungwa ni mahali pabaya pa kulala watoto pamoja na mtu anayekohoa bila kujulikana sababu.

Swali la zebaki lina sababu yake. Mvuke wake huweza kuacha mtetemeko wa mikono na kuyumba kwa mwendo. Kuyumba ni dalili pia ya uvimbe wa ubongo unaotokana na kimo. Basi mchimbaji wa zamani atembezwe kliniki kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole, na matokeo yaandikwe. Akiyumba akiwa juu, wenzake watajua kama hali ni mpya.

Kuchagua njia kwa kuhesabu hospitali

Njia ya Lalago na Matala ni fupi na ina mandhari ya pekee, lakini kuna sehemu ndefu isiyo na hospitali, hasa ukishaiacha Mwanhuzi. Njia ya lami ya Nzega, Singida, Katesh na Babati ni ndefu zaidi, ila hupita miji yenye hospitali, tena chini ya Mlima Hanang wenye mita 3,417. Kwa familia yenye mtoto wa selimundu, njia bora ni ile ambayo msaada hauko mbali. Wakati wa mvua hilo si suala la kuchagua tena, maana udongo mweusi wa mbugani hunasa magari kwa saa nyingi.

Kabla ya kuondoka, familia iandike kwenye karatasi moja hospitali zilizopo njiani na simu zake. Kwa upande wa Eyasi na Ngorongoro, Karatu kuna hospitali, na Haydom, wilayani Mbulu, kuna hospitali kubwa. Karatasi hiyo iwe pia na jina la ugonjwa wa mtoto, kundi la damu, dawa zake, na kiwango cha hemoglobini cha kawaida yake. Mhudumu wa dharura anayekutana na hemoglobini ya 7.5 atafanya uamuzi tofauti akijua kwamba hiyo ndiyo ya kila siku.

Jambo jingine la kupima ni urahisi wa kushuka. Kutoka ukingo wa Ngorongoro hadi Karatu mtu hushuka karibu mita 800, na kwa wagonjwa wengi hiyo inatosha. Kutoka Empakaai, gari lazima lirudi kupitia Nainokanoka na ukingo wa Ngorongoro kabla ya kushuka, safari ya saa kadhaa. Tena lango la hifadhi hufungwa jioni, hivyo dharura ya usiku hupitia kwa askari wa hifadhi. Aliye na hatari asilale mahali ambapo mteremko uko mbali.

Hemani

Jiko la mkaa lisiingizwe hemani, hata kwa dakika tano za kuota moto. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, na hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mahali ambapo oksijeni tayari ni kidogo, familia nzima huweza kulala isiamke. Joto litafutwe kwa nguo kavu, soksi, kofia, godoro la kutenganisha mwili na ardhi, na uji wa moto kabla ya kulala. Michembe na matobolwa kutoka nyumbani ni chakula kizuri cha njiani, mradi viende pamoja na maji.

Bonde la Eyasi lina joto na mbu, kwa hiyo chandarua chenye dawa kitumike huko kama nyumbani. Homa ikitokea, ipimwe malaria, isichukuliwe kuwa ni "baridi ya mlimani". Malaria huchukua angalau wiki moja tangu mtu kuumwa na mbu. Homa ya siku ya tatu ya safari huenda ilitoka Kolandoto.

Sanduku la dawa

Kipimajoto, kipimaoksijeni kama kinapatikana, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6 inapohitajika, dawa za kila siku za kila mgonjwa, na ziada ya siku tatu, vifaa vya kusafisha na kufunga jeraha, tochi na betri.

Mama aliomba pia "kidonge cha mlimani". Asetazolamaidi huwasaidia baadhi ya watu kuzoea kimo, lakini huongeza mkojo na kukausha mwili. Asipewe mwenye selimundu bila uamuzi wa daktari wake, na aliyewahi kudhurika na dawa za salfa aulizwe kwanza. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kulala chini.

Dalili za kushuka mara moja

Familia izijue hizi kwa moyo:

1. Kupumua kwa shida mtu akiwa amekaa, au kikohozi chenye povu.
2. Kuyumba, kuchanganyikiwa, au usingizi mzito usio wa kawaida.
3. Kichwa kinachozidi kuuma licha ya dawa, pamoja na kutapika.
4. Kwa mwenye selimundu: homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, weupe wa ghafla machoni na viganjani, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au maumivu yasiyotulia.
5. Kwa mbebaji: maumivu makali ubavuni kushoto, au mkojo wa rangi ya chai.

Hatua ni kushuka angalau mita 300, na ikiwezekana 1,000, huku mgonjwa akitiwa joto, asitembezwe kama anaweza kubebwa, apewe oksijeni ikiwapo, na apelekwe hospitali. Kwa mtoto wa selimundu, kushuka pekee hakutoshi. Homa kwake ni dharura ya kuanza dawa za viuavijasumu bila kuchelewa.

Maswali ya kujipima

1. Binti wa mfano wetu anahitaji parasetamoli kiasi gani kwa mara moja? (Jibu: 15 × 24 = miligramu 360.)
2. Baba amekutwa na oksijeni ya asilimia 91 akiwa amekaa kliniki Kolandoto. Utamshauri nini? (Jibu: asipande, achunguzwe silikosisi na kifua kikuu.)
3. Kijana ni mbebaji. Je, umzuie? (Jibu: hapana, aelezwe kuhusu maji, mwendo na dalili.)
4. Familia iko kambi ya Simba, na saa 4 usiku mama anaanza kuyumba. Je, wangoje asubuhi? (Jibu: hapana, wawaone askari wa hifadhi na kushuka.)

Mpango uliorekebishwa

Baada ya vipimo, mhudumu na familia walikubaliana hivi. Wapite njia ya lami na kupiga kambi Karatu kwa usiku wote. Siku moja wote waende ukingoni mchana kwa gari, isipokuwa baba, ambaye atangoje majibu ya picha ya kifua. Kijana na mama waende Empakaai na askari wa hifadhi siku nyingine, walale huko usiku mmoja, huku binti na baba wakibaki Karatu. Au, ikiwa familia haitaki kutengana, wote waishie ukingoni na Empakaai ingoje mwaka mwingine.

Mhudumu atakayesaidia familia kufikia uamuzi wa namna hii amefanya kazi kubwa kuliko kuandika dawa. Mama amejua hali ya kijana wake, baba amefika kwenye uchunguzi ambao pengine asingeufuata kwa miaka mingine mitano, na binti anakwenda kuiona kreta pamoja na wenzake. Kimo cha safari ya familia kipangwe kwa kumwangalia yule mwenye pumzi chache, na kipangwe kliniki, siku nyingi kabla gari halijawashwa.